Mukwa wa Mama na Tiara ya Miavuli

Kama unasoma haya ukiwa umelala chali, na mtu mwingine anakushikia ukurasa kwa sababu mikono yako imegoma, basi wewe ndiye niliyekuandikia. Wengine karibuni, lakini mkae nyuma kidogo, mumwachie mgonjwa nafasi.

Sitakueleza ugonjwa wenyewe ni nini. Daktari aliutaja kwa majina mawili ya Wazungu, akayarudia polepole, na bado sikuyashika. Nitakueleza ulivyonilaza, nilichoona nikiwa chini, na nilivyosimama juu ya maji kabla sijaweza kusimama vizuri juu ya nchi kavu. Najua hilo la mwisho linasikika kama hadithi ya mlevi. Ngoja nifike.

Mimi ni fundi wa nguo, jina langu Kinuthia. Wakati huo nilikuwa na kibanda Kamenu, Thika, na cherehani ya pedeli niliyoipenda kuliko baadhi ya watu wa ukoo wangu. Mvua za El Nino zilipoanza kupungua, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, tumbo liliniharibika kama lilivyowaharibikia wengi mtaani, maana maji yalikuwa yamechanganyika na kila kitu. Likapona, nikasahau. Siku chache baadaye vidole vya miguu vikaanza kuwasha, kama vile mguu unavyowasha ukiukalia. Asubuhi moja nikakanyaga pedeli na cherehani haikwenda. Nikadhani ni mkanda umelegea. Nikaukaza. Nikatia mafuta kila tundu ninalolijua, nikapangusa, nikakanyaga tena. Nilimhudumia yule mzee wa chuma nusu saa nzima, na kumbe mgonjwa alikuwa mimi. Niliposimama ili nimwite jirani, nikaanguka juu ya suruali za wateja.

Jirani huyo ni Idi, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Majengo ambaye babu zake walitoka pande tatu tofauti za nchi hii na yeye hujivunia zote. Alinitia kwenye mkokoteni wake, juu ya magunia, akanisukuma hadi hospitali.

"Bwana Kinuthia," akasema tulipofika kwenye lango, akihema, "mtu mwembamba hivi na uzito wote huu, wallahi unaficha wapi?"

Nilicheka. Mdomo ulicheka upande mmoja tu, na Idi akaacha kutania.

Kuhusu benchi la kungojea, nitakuambia jambo moja. Unakaa hapo na mtoto anayekohoa huku, na mzee aliyefungwa mkono kwa kitambaa cha khanga kule, na kila mlango ukifunguka nyote mnainua vichwa. Kufikia saa sita mchana sikuweza tena kuinua mapaja. Kufikia saa tisa, mtoto yule wa kikohozi alikuwa ananishikia kadi yangu, kwa sababu vidole vilikuwa vimeanza kuiangusha. Mama yake alinifuta jasho kwa leso yake bila kuniuliza jina, na mpaka leo simjui. Ukiwa mgonjwa, watu wasio na deni lolote kwako watakushangaza.

Wodini, ugonjwa ulipanda kama maji yanavyopanda kwenye gunia. Magoti, kiuno, mikono, shingo. Akili ilibaki nzima, imekaa juu kabisa ikitazama. Kila jioni muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, alikuja kitandani akasema, "Vuta pumzi moja, uhesabu kwa sauti mpaka iishe." Nilihesabu. Siku ya kwanza nilikwenda mbali. Kesho yake, karibu zaidi. Jioni moja nilikwama kabla ya kumi, nikamwona akigeuka haraka kumwita daktari, na hapo niliogopa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba kupumua ni kazi ambayo mtu anaweza kuishindwa. Walinikalisha, wakaniwekea mpira wa hewa, na mama yangu akasimama ukutani akiniangalia kifuani.

Mama alikuwa ametoka Mugutha, upande wa Ruiru, na kiondo kimoja. Kwetu twamwita Maitu, yaani mama yetu. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mwanamke mfupi mwenye bonde dogo kwenye paji la uso. Bonde hilo ni la mukwa. Asiyetujua ajue kwamba mukwa ni mkanda mrefu wa ngozi, mpana katikati, ambao wanawake wa Kikuyu huupitisha juu ya kichwa ili wabebe kuni au maji mgongoni. Ukibebea miaka mingi, kichwa chenyewe hukubali na kufanya nafasi. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuweka kidole kwenye lile bonde. Sasa nililitazama tu, kwa sababu kidole hakikuwa changu.

Hesabu yangu ya jioni ilikaa pale pale kwa muda, kisha ikaanza kupanda. Halafu asubuhi moja kidole gumba cha kulia kikatikisika. Mama alikiona kabla yangu. Akakishika kama mtu ameokota kifaranga, akakiinamia, akakisalimia, "Ũrĩ mwega?" Kidole kikatikisika tena. Wodi nzima ikaitikia kwa niaba yake.

Niliruhusiwa kwenda nyumbani kwa Mama, Mugutha, msimu wa njahĩ, yaani wa mvua kubwa, mimea ikiwa imeota vizuri shambani. Mikono ilikuwa inarudi, siku hadi siku, dhaifu lakini yangu. Miguu haikuwa na habari. Yule muuguzi akanipa maneno mawili ya kwenda nayo: nivichezeshe viungo kila siku, na nikipata maji yaliyotulia, niingie, kwa sababu majini mguu hauna uzito. La kwanza nilifanya. La pili niliona ni mzaha, maana hata beseni ya kuogea nilikuwa natiwa na kutolewa.

Aliyekuwa akinitia na kunitoa ni Mama. Nataka uelewe hili, kwa sababu ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Mimi nilikuwa mwanamume mzima, na mama yangu alinibeba mgongoni kwenda chooni. Alinibeba kwa namna alivyobeba kuni, kichwa mbele, hatua fupi, bila maneno. Kila siku niliona amepungua kidogo. Kaka yangu Mwaura, mwenye duka kule Kimbo, alikuja kila Jumapili na sukari na mafuta ya taa, akakaa mlangoni, akatazama, akaondoka na uso umekunjamana. Siku moja akalisema.

"Kinuthia, mimi sina ubaya na wewe. Lakini Maitu anaisha. Si unamwona?"

"Namwona."

"Njahĩ ikija mwaka ujao, atalima ama atakubeba. Hawezi yote mbili. Kama hautakuwa umesimama, itabidi nikutafutie mahali. Kuna zile nyumba za watu wa... za watu hawawezi kutembea."

Mama alikuwa nje akikata majani ya mbuzi. Panga likanyamaza kidogo, likaendelea. Mwaura alikuwa amesema kweli, na kweli yake ilinikata zaidi ya ugonjwa. Kutoka siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani, nisimame kabla Mama hajaanguka.

Ilipofika gathano, ile miezi ya baridi na manyunyu ambayo jua linaenda likizo, Mama alichukua mukwa wake msumarini. Akanizungushia kiunoni, sehemu pana ikakaa tumboni, ncha mbili akazishika nyuma yangu na kuzisokota mkononi. Nilikuwa na magongo mawili ambayo Idi alikuwa amenitengenezea kwa bomba. Chukua ushauri huu: magongo yapimwe kwa mwili wako, usikubali ya kurithi. Yale ya kwanza niliyopewa yalikuwa ya mtu mrefu, na yaliniumiza makwapa mpaka nikadhani ugonjwa umefika huko.

"Twende," Mama akasema. "Mimi niko nyuma."

Tulitembea nyuma ya nyumba alfajiri, kabla majirani hawajatoka, kwa sababu kwetu mwanamume hafungwi mukwa. Ni kitu cha wanawake, kama vile kusuka kiondo. Mwanamume akionekana amevaa mukwa, hata mbuzi watacheka. Mama alijua nilivyoona haya, kwa hiyo hakulisema, aliamka tu mapema zaidi. Hatua nne, tano. Miguu ilitupwa kama soksi zenye mchanga. Nikilegea, mukwa ulikaza, na nilihisi nguvu zote za yule mwanamke mfupi zikiniinua kutoka kiunoni. Nikiitafuta nguvu hiyo ilikotoka, nashangaa mpaka leo.

Asubuhi moja yenye utelezi tulianguka sote wawili. Mkono wa Mama ukavimba. Akaufunika kwa shuka Jumapili yote, lakini Mwaura aliuona alipopewa chai. Akaiweka chai chini bila kuinywa, akaondoka. Ilikuwa vibaya zaidi kuliko kama angenigombeza.

Idi alitokea mvua za vuli zilipokuwa zimekawia na vumbi limeanza kutushika koo. Alikuja na gunia mgongoni na picha moja iliyokunjwa mfukoni. Alikuwa amefanya kazi ya mabomba kwenye shamba moja la kahawa, na meneja wa pale, Mzungu aliyekuwa akihama, alikuwa amemwachia takataka za gereji yake. Miongoni mwazo kulikuwa na ubao mnene wa kuteleza majini, mlingoti wake umevunjika, na gazeti la michezo. Picha ilitoka humo. Kulikuwa na mtu amesimama juu ya ubao, anavutwa na tiara kubwa angani. Ubao haukugusa maji. Chini yake kulikuwa na mguu mmoja mrefu wa chuma ulioshuka ndani ya maji, na mwishoni mwa mguu huo, bawa.

"Niambie hiyo ni nini," Idi akasema.

"Ni uongo."

"Hata mimi nilisema hivyo. Halafu nikakaa nayo wiki. Ndege hupaa na bawa kwa hewa, si ndiyo? Basi hii inapaa kwa maji. Mguu na bawa nitachomelea mimi, alumini ninayo. Tiara ni kazi yako."

Akamwaga gunia. Ilikuwa miavuli. El Nino iliacha Thika na miavuli iliyovunjika kila kona, na Idi alikuwa ameiokota yote, myeusi, ya maua, mmoja wenye picha za ndege. Kisha akatoa kitu kingine, mpini wa kuzungushia cherehani kwa mkono. Alikuwa ameuchonga mwenyewe, na tayari alikuwa ameleta cherehani yangu kwenye mkokoteni, ameiegesha uani. Niliona ile cherehani nikalia waziwazi. Idi akajifanya anahesabu miavuli.

Sasa nikuambie kuhusu vifaa, kwa kuwa kuna watakaonicheka na kuna mmoja atakayejaribu.

Tiara yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Nilikunja pindo mara mbili, nikatia bitana ndani, nikapiga pasi kila mshono. Fundi hawezi kuacha uzi ukining'inia, atakosa usingizi. Idi aliinyanyua, akaipima mkononi, akaniangalia.

"Wewe umeshona suti. Hii itaenda kanisani, haitaenda juu."

Nilifumua kila kitu. Ya pili niliishona kitambaa kimoja tu, mishono bapa, vipande vya miavuli vikiwa na ule mviringo wao wa asili ili vishike upepo. Ilikuwa ndogo kuliko Idi alivyotaka. Nami nakushauri uchukue ndogo. Upepo hautajua kwamba ulikuwa mgonjwa. Naye Idi alikosea yake: bawa la kwanza alilifanya bapa kama jembe, likazama na kuvuta ubao nalo. Akaligonga upya mpaka likawa na mgongo kama mgongo wa kijiko, na hapo likaanza kutii. Kamba zilikuwa za nailoni, usukani ulikuwa wa baiskeli, na tukachukua ndoano ya bucha ya kuunganishia usukani na kiuno changu, ili mikono isichoke na ili niweze kujifungua mara moja hatari ikija. Usiguse tiara kubwa bila kitu cha kujifungulia.

Nilijifunza kurusha nikiwa nimekaa. Januari, upepo mkavu wa thano, ule msimu wa jua kali, ulipoanza kuja kutoka upande wa tambarare, Idi alinikalisha juu ya tairi kuukuu shambani, akashika tiara kwa mbali, akaiachia. Ikapanda. Ikasimama juu yangu, nyeusi na maua na ndege, na nikahisi mvuto kwenye viganja. Sijui nikuelezeeje. Kwa mwaka mzima nilikuwa mtu wa kuinuliwa, kugeuzwa, kufutwa. Hapo kitu kikubwa kuliko mimi kilikuwa kinanishika mikono yote miwili na kunisubiri niseme kiende wapi. Nikikivuta kushoto, kilienda kushoto. Nilikaa hapo mpaka jua likanichoma, nikicheka peke yangu, pande zote mbili za mdomo.

Mama alikuwa akitazama kutoka jikoni. "Wewe Idi," akamwita kwa Kiswahili chake, "hii kitu iko na nguvu ya watu ngapi?"

"Wengi, mama."

"Basi iangalie vizuri. Huyu ni mmoja."

Maji tuliyapata kwenye bwawa la shamba lile la kahawa. Mlinzi alimjua Mama kwa kuwa alichuma kahawa pale miaka mingi, akasema tuingie bora tusiguse pampu. Siku ya kwanza sikuchukua ubao wala tiara. Waliniingiza tu, na tyubu ya tairi la pikipiki kifuani. Nilikuwa naogelea tangu utotoni, tulipokuwa tukitoroka shule kwenda kwenye mabwawa kama hilo, kwa hiyo maji hayakunitisha. Yalinishangaza. Yule muuguzi alikuwa amesema kweli, mguu haukuwa na uzito. Niliuambia uinuke, nao ukainuka. Ukaelea mbele yangu na vidole vyake vitano, kana kwamba haukuwahi kukataa. Nikasimama majini, kifua ndani, hakuna aliyenishika, na nikamwita Mama kwa sauti ya mtoto.

Tulirudi kila tulipoweza. Kufikia mwisho wa Januari nilikuwa natembea na gongo moja uani, Mama nyuma na mukwa. Lakini kulikuwa na jambo lililonishinda kabisa, nalo ni kuinuka kutoka chini. Nikianguka nilibaki pale pale mpaka nivutwe. Na juu ya ubao, mtu huanza akiwa amelala majini, nyayo zimeshikwa na vipande vya tyubu, na ni tiara inayomwinua kwa kiuno. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kiunoni, na kiuno kilihitaji mkanda.

Hapo nikaleta uanaume wangu. Wanawake wa kuchuma kahawa walikuwa wanapita kando ya bwawa kila asubuhi, na baadhi yao walinijua tangu nikiwa sina meno. Sikutaka wanione na mukwa. Nikavaa mshipi wangu wa suruali, ngozi nzuri, kifungo cha shaba, nikaning'iniza ndoano hapo. Tiara ikavuta. Mshipi haukuniinua kiuno, ulipanda. Ukapita tumboni, ukafika mbavuni, ukanibana kifua, na pumzi ikakatika. Nilikuwa kama nimerudi wodini, nahesabu na kukwama. Kwa bahati mkono ulikumbuka ndoano. Nilijifungua, nikaelea juu ya tyubu kama chura, nikivuta hewa kwa kelele. Wanawake wa kahawa walikuwa wamesimama wote wakitazama. Kwa hiyo niliaibika hata hivyo.

Mama alikuwa amefika maji ya magotini akiwa na nguo zake zote. Aliponiona napumua alirudi ukingoni, akakamua rinda lake. Kisha akafungua kiondo, akatoa mukwa, akauweka juu ya majani kati yetu.

"Umekubeba wewe tangu gathano," akasema. "Hauwezi kukuaibisha leo."

Tulikuwa na siku chache tu kabla ya njahĩ. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kilimambogo jioni, na majirani walikuwa wamechoma magugu. Mwaura alikuja Jumapili hiyo, na Mama akamwambia kwamba kama ana la kusema basi atatusindikiza bwawani, alisemee huko. Alikuja amevaa viatu vya kanisa. Alipoona tiara ya miavuli, ubao wenye mguu wa chuma, na ndugu yake akifungwa mukwa na mama yake mchana kweupe, alishika kichwa.

"Ngai! Idi, mnataka kuua mtu?"

"Tunataka kumsimamisha," Idi akasema. "Shika hapa, uache kelele."

Safari hii mukwa uligeuzwa. Sehemu pana, ile iliyozoea paji la uso la Mama, ilikaa mgongoni mwangu, juu kidogo ya makalio, na ncha zikafungwa mbele kwenye ndoano. Nikaelea. Nikaingiza nyayo mahali pake. Gongo langu lilibaki kwenye majani. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwetu kuelekea ng'ambo, kwenye ukuta wa bwawa. Idi na Mwaura wakaiachia tiara.

Niliivuta chini, kisha juu, kama nilivyojifunza kwenye tairi. Mukwa ukakaza mgongoni. Nikaufahamu mkazo huo. Ulikuwa ule ule wa asubuhi za gathano, pale pale kiunoni, isipokuwa sasa ulitoka mbele. Ukaniinua. Magoti yakajinyoosha yakitetemeka, nikasimama juu ya ubao, maji yakigonga chini kwa kelele, kasi ikiongezeka, na mimi nikipiga mayowe bila maneno.

Halafu kelele ikaisha.

Niliangalia chini. Ubao ulikuwa umeacha maji. Kulikuwa na hewa tupu kati yangu na bwawa, na kivuli changu kilikuwa kinakimbia juu ya maji peke yake, na ule mguu mmoja wa alumini ulikuwa umekata uso wa maji kama mkasi unavyokata hariri. Hakuna kilichogonga. Hakuna kilichotikisika. Nilisikia upepo kwenye miavuli na nikasikia pumzi yangu. Basi nikaivuta moja, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nilipita kumi. Nilipita pale nilipofika siku ya kwanza wodini. Nikaendelea kuhesabu nikilia, Mungu wangu, nimesimama, hakuna mtu nyuma yangu, na pumzi haijaisha.

Pumzi haikuisha, bwawa ndilo lililoisha. Nilijifungua ndoano nikaanguka karibu na ukuta wa ng'ambo, nikapiga maji, nikashika majani, nikatambaa nje. Tiara ilikuwa imelala juu ya miti ya kahawa kama nguo zilizoanikwa. Nikainua kichwa. Walikuwa upande wa pili wote watatu, wadogo, na gongo langu lilikuwa miguuni mwao.

Nikashika jiwe la ukuta. Nikaweka goti moja, halafu mkono, halafu mguu. Nikateleza. Nikarudia. Mwaura akaanza kukimbia kuja kwangu kando ya bwawa, viatu vya kanisa na vyote.

"Mwaura!" Sauti ya Mama ilivuka maji. "Rudi hapa. Mwache."

Mwaura akasimama. Na Mama, ambaye kwa mwaka mzima sikuwahi kumwona ameketi nikiwa nimeanguka, akakunja rinda lake, akakaa chini kwenye majani, akanyoosha miguu yake mbele, akaweka mikono mapajani. Akangoja.

Nikainuka. Nikatembea juu ya ule ukuta, mikono imepanuka, mukwa ukidondoka maji kiunoni, nikakata kona, nikapita ukingo wenye matope, nikapumzika kwenye mti, nikatembea tena. Nilichukua muda mrefu sana. Wanawake wa kahawa walipita na kunisalimu kama mtu anayekwenda zake. Idi aliangalia pembeni. Mwaura alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi, na uso wake ulikuwa umelowa ingawa hakuwa ameingia majini.

Nilipofika mbele ya Mama hakunikumbatia, si watu wa hivyo. Alinitazama kutoka chini, kama mtu anayetazama mti aliopanda.

"Nipe mukwa wangu," akasema. "Tangu mwaka jana sijapeleka kuni za maana nyumbani."

Nikaufungua mwenyewe, nikampa. Kulikuwa na rundo la matawi ya kahawa yaliyokatwa kando ya bwawa. Akayafunga, akachuchumaa, akapitisha mukwa uliolowa juu ya kichwa, kwenye lile bonde lake, akainuka na mzigo. Mwaura akanyoosha mkono anisaidie. Nikaokota gongo langu.

"Twende, Maitu," nikamwambia. "Mimi niko nyuma."